Hajalewa, Anahesabu Hatua

Kuna sauti inazungushwa kwenye makundi ya WhatsApp hapa Mombasa, ya bwana mmoja mwenye maneno ya asali: mtoto akiumia kisogoni kabla ya miaka saba, ubongo "unajishona" wenyewe, na akishabaleghe hana habari. Wazazi wanashukuru, wanasambaza. Kisha kijana huyohuyo, miaka kumi na tano baadaye, anateremka kwenye feri Likoni akiyumba, na makanga wa steji anamkemea aache mnazi asubuhi yote hiyo.

Serebelamu, ile sehemu ya ubongo iliyo kisogoni inayoratibu mwendo na mizani ya mwili, haijishoni. Kilichokufa kimekufa. Sehemu iliyosalia, ikisaidiwa na ubongo wa mbele na macho, ndiyo hujitwika kazi isiyokuwa yake. Wala si kazi haba: serebelamu ni kama asilimia 10 tu ya uzito wa ubongo, lakini katika seli za neva bilioni 86 za mtu mzima, karibu bilioni 69 zimo humo.

Na huo utoto wenyewe si kinga. Mwaka 2005 Konczak na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto na vijana waliopasuliwa kuondolewa uvimbe wa serebelamu. Kilichoamua nani atasimama imara hakikuwa umri wa kupasuliwa, bali mahali palipoharibika. Viini vya ndani vikiguswa, kuyumba hubaki, awe mtoto mdogo au kijana. Haya, nakubali: aliyeumia ganda la nje peke yake anaweza kurudi vizuri mno, na mtoto aliyepepesuka baada ya tetekuwanga kwa kawaida hupona katika wiki chache. Lakini huyo wa tetekuwanga si mtoto aliyepoteza nyama ya ubongo, na bwana wa WhatsApp hatofautishi.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba hakuna anayetaja bei anayolipa kijana huyu kwa kufidia huko. Wewe ukitembea, akili yako iko kwenye bei ya samaki. Huyu anatembea kama dereva mgeni anayetazama gia kila akibadilisha. Mzungumzishe njiani uone: atasimama ndipo akujibu. Si dharau. Umakini alionao unatosha jambo moja kwa wakati. Kwenye mteremko wa feri, zege limelowa, umati umemziba asione miguu yake, na mtu anamsukuma mgongoni. Macho yaliyokuwa yakimsaidia yamenyang'anywa. Hata stima ikipotea usiku, ndiyo maana anapapasa ukuta kwenye chumba alichokizoea.

Mtazame na kikombe cha kahawa. Mkono ukiwa juu ya meza umetulia tuli. Ukiinuka, bado. Ukikaribia mdomo ndipo mtetemo unapokua, kwa sababu kulenga na kufunga breki ni kazi ya serebelamu. Basi anabana kiwiko kwenye mbavu, anashika kwa mikono miwili, kikombe nusu, na kichwa kinakifuata kikombe. Hila hizo kajifunza mwenyewe, tena ni nzuri, msimkataze kwa ajili ya adabu za mezani.

Akikosa usingizi, akipata homa au akichoka, dalili za zamani hurudi: ulimi mzito, kutembea miguu imetanuliwa. Nyumbani wanapiga mayowe kwamba ugonjwa umeanza upya. Mara nyingi ni nguvu za kufidia tu zimeisha, na akilala anarejea. Ila kuyumba kunakozidi siku hadi siku, pamoja na kuumwa kichwa na kutapika alfajiri, hospitali siku hiyohiyo.

Shuleni hasara huchelewa kuonekana. Darasa la kwanza anamudu. Matatizo hujitokeza pale insha, mipango na kuandika haraka vinapodaiwa kwa pamoja, kwani serebelamu haishughuliki na miguu peke yake. Watafiti Schmahmann na Sherman walilieleza hilo tangu 1998. Mwalimu anaandika "mvivu". KNEC, baraza la mitihani la Kenya, hutoa muda wa ziada kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu. Aombewe mapema, si mwezi wa mtihani.

Wengine wanasema akishakuwa mtu mzima mazoezi hayana faida. Hawa nao! Ujerumani, mwaka 2009, Ilg na wenzake waliwafundisha watu wazima, ambao wengi wao serebelamu zao zilikuwa zikiendelea kuharibika, saa moja mara tatu kwa wiki, wiki nne, na mwendo wao ukaimarika. Sembuse aliye na jeraha lililotulia. Nyumbani asimame kwenye pembe ya kuta mbili, kiti mbele yake. Miguu ibanwe pamoja sekunde thelathini. Akiweza, kisigino kiguse vidole vya mguu wa nyuma. Akiweza, ageuze kichwa kulia na kushoto. Mwisho ahesabu kurudi nyuma kwa tatu tatu huku amesimama. Zoezi lisilomtikisa halimfundishi kitu, kwa sababu ubongo hujirekebisha kwa kukosea. Zoezi la kumwangusha nalo ni upuuzi. Mchanga wa pwani uje baadaye, mtu akiwa ubavuni, na si wakati jua limempiga.

Na kama ana kifafa na anameza fenitoini, kuyumba kukiongezeka apimwe kiwango cha dawa kwenye damu kabla ya kuambiwa lolote lingine. Dawa hiyo ikizidi huyumbisha hata mwenye serebelamu nzima, na ikizidi kwa muda mrefu inaweza kuiharibu. Asiiache ghafla kwa ushauri wa jirani. Degedege zitamrudia kwa kishindo.