Moto wa Kuchorwa na Bureti ya Kweli

Jijini Dar es Salaam, mzazi anayeinyang'anya simu na mtoto anayedai kwamba anaisomea wote wanabishania chombo, ilhali cha kupimwa ni kile mtoto anachokifanya akiwa nacho.

Anayeitetea teknolojia ana ushahidi wa hapa hapa nchini. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto karibu 3,000 wa vijiji takriban 170 mkoani Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili, wakajifunza kwa miezi 15 bila mwalimu. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Hata hivyo, programu hizo zilitungwa kwa kazi moja tu, tena kwa lugha ya mtoto. Mwanafunzi wa kidato cha pili kule Temeke anasomeshwa kwa Kiingereza, na video ya somo lake imebanana na vichekesho na magoli ya jana ndani ya bando moja la siku (na sote tunajua kipi hufunguliwa kwanza).

Hoja nzito zaidi, kwa maoni yangu, iko kwenye maabara za kwenye skrini, kama zile za PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado. Humo mwanafunzi huunganisha nyaya, betri na taa. Akikosea vibaya, moto wa kuchorwa huwaka, kisha anabonyeza mara moja na kuanza upya. Shule ambayo darasa zima hulizunguka jaribio moja mezani, wa nyuma wakiona migongo ya wenzao, haiwezi kumpa mtoto uhuru huo wa kukosea mara ishirini.

Lakini urahisi huo huo ndio kasoro yake. Katika mtihani wa vitendo wa kemia wa kidato cha nne, bureti (bomba jembamba la kioo lenye vipimo na koki ya kudondoshea kimiminika hadi rangi ibadilike) huvuja, jicho lisipolingana na usawa wa kimiminika kipimo hupotoka, na tone moja likizidi, rangi hupitiliza na kazi huanza upya huku saa ikienda. Aliyezoea skrini anaijua kanuni vizuri, pengine kuliko mwenzake, ila vidole vyake havijawahi kuifunga koki kwa wakati. Ningependa simu itumike wiki moja kabla ya jaribio halisi, si badala yake, na fedha za vishikwambi zisitolewe kwenye fungu la kununulia bureti.