Padri Mwekundu wa Kwaya Yetu

Ukitaka kuwagombanisha kina mama wa Moshi waliosoma pamoja, waulize kwaya yao ilianza mwaka gani. Mimi niliuliza kwa sababu nilikuwa katibu, jubilei imekaribia, na kwetu hakuna sherehe inayoanza kabla mtu hajasimama na risala mkononi.

Kwaya yenyewe ni ya wanafunzi wa kike, ndogo, wote tunaenea kwenye Hiace moja na konda akapata pa kusimama. Tunaimba bila ala yoyote, sauti nne, wanawake watupu. Sauti ya nne tunamtegemea dada mmoja wa Rombo ambaye akipokea simu anaitwa kaka.

Daftari la kwanza la kwaya lililiwa na mchwa. La pili lina mahudhurio na majina ya wanaodaiwa hela za vitenge, basi. Nikawafuata wahitimu. Mama wa kwanza akasema kwaya ilianza 1978, wakati wa vita ya Kagera, anakumbuka kwa sababu sukari ilikuwa haionekani. Wa pili akamcheka: kwaya iliundwa 1990, Papa Yohane Paulo wa Pili alipokuja Moshi, na yeye alishona sare. Wa tatu, mama wa Kibosho, akaniambia taratibu, "Mwanangu, hao wote waongo. Kwaya nilianzisha mimi." Kamati ikaona isiingie kwenye vita hiyo. Keki ikaandikwa "Jubilei" tu, bila namba.

Risala ilitakiwa kurasa tano, na nilichokuwa nacho kilijaa nusu. Nikaamua kuanzia mbali. Nikaandika jinsi Antonio Vivaldi, padri wa Venice, alivyoajiriwa mwaka 1703 katika Pietà, nyumba iliyolea watoto waliotupwa, akafundisha wasichana muziki na kuwatungia nyimbo kwa miaka mingi. Wasichana wale waliimba sauti zote nne wenyewe, mpaka besi, wakiwa roshanini nyuma ya kiwambo cha chuma, na wageni walisafiri kutoka nchi za mbali kuwasikiliza bila kuwaona sura. Nikaeleza kwamba aliitwa Padri Mwekundu kwa ajili ya nywele zake, na kwamba aliacha mapema kuadhimisha misa kwa sababu ya kubanwa kifua. Nikamweka na Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, mwalimu aliyebuni mfumo wa kuimbia kwa silabi, ambao John Curwen aliuchukua miaka ya 1840, akaurekebisha na kuusambaza mpaka leo tunasoma do-re-mi zake ubaoni. Bila mama yule, nusu ya kwaya za Tanzania zingekuwa zinakisia.

Niliipenda risala ile. Mlezi wetu hakuipenda. "Mgeni rasmi ana msiba Machame saa nane," akasema, "na ndafu ikipoa nani atalaumiwa? Kurasa mbili." Akaondoka na kalamu yake. Nakala iliyochapwa upya nilikabidhiwa nikiwa tayari napanda jukwaani, MC ananitaja jina.

Nilianza kwa sauti nzuri. Nikafika aya ya pili, nikasikia mdomo wangu unasoma hivi: "Mheshimiwa mgeni rasmi, Padri Vivaldi, aliyejulikana kama Padri Mwekundu, aliwafundisha wasichana kuimba sauti zote nne bila mwanamume hata mmoja, ingawa alisumbuliwa sana na kifua. Na hivyo ndivyo tunavyoimba hadi leo." Venice haipo. Mwaka haupo. Mama Glover amekatwa mzima mzima. Nikatupa jicho kwa mlezi, naye akanionesha saa. Risala ikishafunguliwa mbele ya meza kuu haina breki, nikaendelea mpaka ombi la sare na maspika.

Mgeni rasmi, mzee mstaafu mwenye upole wake, akasimama akifuta miwani. Akasema ameguswa mno na huyu padri. Akauliza, "Je, yupo nasi leo?"

Ukumbi kimya. MC, ambaye kazi yake ni kutokubali kimya, akajibu kwenye kipaza sauti: "Mheshimiwa, ametangulia mbele za haki." Na huwezi kusema alidanganya. Vivaldi alifariki 1741.

"Basi tusimame dakika moja," akasema mzee.

Tukasimama. Meza kuu ikasimama, wapishi wakasimama na miiko, kijana aliyeshika kisu cha ndafu akavua kofia. Hapo katikati dada yetu wa Rombo akashindwa kujizuia. Alijiziba mdomo kwa kitenge, lakini kicheko kikapenya, kizito, kikitetemeka, na huko nyuma bibi mmoja akanong'ona, "Jamani, mwanamume wa watu analia."

Tulipoketi, mama wa Kibosho aliomba kipaza sauti. Nikajua sasa ukweli unatoka. Akasema, "Mimi namkumbuka. Alikuwa mwekundu kweli, na baridi ya kule juu ilimuua kifua. Alikuwa na Land Rover." Mama wa 1978 akadakia kwamba haikuwa Land Rover, ilikuwa pikipiki, yeye alipewa lifti mpaka Kiboroloni. Mama wa 1990 hakutaka kuachwa nyuma: padri ndiye aliyemchagulia kitambaa cha sare. Watu ambao kwa miezi hawakusalimiana kwa ajili ya historia ya kwaya, leo wana mwanzilishi mmoja, wanabishania usafiri wake.

Nikanyoosha mkono kueleza. Mlezi akaushusha. "Kaa chini, mzee anatoa hela."

Ni kweli alikuwa anatoa. Alianza na laki tano, kwa ajili ya kujengea kaburi la padri, na akaomba kila mwenye mapenzi mema amuunge mkono. Kapu likazunguka. Sijawahi kuona kapu la kwaya likizunguka kwa heshima namna ile. Tulipoomba vitenge walituwekea sarafu. Kisha akaondoka kuwahi msiba wake Machame, akinishika mkono na kuniambia nisiache kuandika.

Wiki iliyofuata kamati ilikaa. Nikawaeleza yote, kuanzia Venice. Nikawaambia padri alifia Vienna, akazikwa kwenye makaburi ya hospitali, kaburi lake limepotea siku nyingi, na mahali pale sasa pana chuo kikuu cha ufundi. Mlezi akatazama dari. Mama wa Kibosho akasema Vienna anaijua, ni baada ya Umbwe.

Mweka hazina, mtu wa mahesabu asiyependa maneno mengi, alifungua daftari, akafikiri, akaandika kwenye safu ya mapato: "Rambirambi za Padri. Wafiwa hawajapatikana."