Maunti ya skopu ya kutoa haraka: usiulize inatokaje, uliza inarudije

Kila anayeniuliza kuhusu maunti za kutoa haraka, yaani vishikio vya kufungia skopu (darubini ya kulengea) kwenye bunduki, zile za wenzo ambazo unafungua kwa kidole tu na skopu inatoka bila spana, anaanza na swali lilelile: inatoka kwa sekunde ngapi? Jamani, kutoka ni kazi rahisi, hata maunti mbovu inatoka. Unacholipia pale ni kurudi, skopu ikirudi ikae palepale ilipokuwa na risasi iende palepale ilipokuwa inaenda, kwa sababu kama kila ukiirudisha inabidi upige ziro upya, yaani urekebishe skopu mpaka risasi igonge unapolenga, basi bora ungefunga ringi za kawaida za skrubu ukaokoa hela na uzito.

Piga hesabu kidogo. Chukua maunti ambayo sehemu yake inayokalia reli, ule upau wa juu ya bunduki, ina urefu wa sentimita 10, halafu upande mmoja kakaingia kapunje ka mchanga kenye unene wa milimita 0.1, yaani kama karatasi moja ya kuandikia. Kwa mita 100 umeshakosea sentimita 10, kwa mita 200 ni sentimita 20. Karatasi moja! Skopu nyingi kliki moja ya kifundo cha kurekebishia inasogeza kama sentimita 0.7 hadi 1 kwa mita 100, kwa hiyo hapo umepoteza kliki kumi au zaidi na wala hujagusa kifundo chochote.

Mimi hili limenikuta. Nilipiga ziro vizuri kabisa, nikatoa skopu nisafiri, nikairudisha bila kufuta reli, na risasi zote zikaanguka chini kwa upana wa kiganja, nikalaumu risasi, nikabadilisha aina nyingine, nikachoma karibu boksi zima mpaka nilipofungua wenzo nikaona vumbi limegandamana na mafuta. Tangu siku hiyo kitambaa kinakaa mfukoni, nafuta reli na nafuta chini ya maunti kila mara, hata kama naona ni safi.

Sasa reli yenyewe. Aina mbili utakazokutana nazo ni Picatinny na Weaver. Picatinny ni kiwango cha jeshi la Marekani cha mwaka 1995, mifereji yake inayoikata reli kwa upana, ambamo jino la maunti linakaa, ina upana wa milimita 5.23 na kutoka katikati ya mmoja mpaka katikati ya unaofuata ni milimita 10.01. Weaver inafanana nayo kwa macho lakini mfereji wake ni mwembamba, milimita 4.57, kwa hiyo maunti ya Weaver mara nyingi itaingia kwenye Picatinny ila ya Picatinny kwenye Weaver itagoma. Na ikiingia kwa kulegea, ile nafasi iliyobaki ndiyo inayokuharibia. Bunduki ikipiga inarudi nyuma, skopu kwa uzito wake inataka kubaki palepale, maana yake kwenye reli inasogea mbele. Ndiyo maana kabla hujafunga wenzo sukuma maunti mbele mpaka iguse ukuta wa mfereji. Sukuma kila mara, kwa mkono uleule, kisha funga. Na andika namba ya mfereji uliotumia, reli nyingi zina namba.

Wenzo au nati ya kukaza kwa vidole? Kwangu wenzo, bila kusita. Nati inategemea umeamkaje, leo unakaza sana kesho umechoka unakaza kidogo. Wenzo mzuri unabana kwa nguvu ileile kila siku, ukishaurekebisha kwa reli yako. Kwa reli yako nasema, usiihamishe maunti kwenye bunduki nyingine ukategemea mbano uleule, reli zinatofautiana kidogo. Angalia pia wenzo una kifungo cha kuuzuia usifunguke ukinaswa na tawi au mkanda, na ukae upande ambao hauzuii bolti, lile komeo la kupakia risasi, wala maganda yanayoruka.

Wajerumani wana njia zao za zamani, kuna maunti ya kulabu ya mji wa Suhl ambayo fundi anaifaili kwa mkono mpaka ikae, kuna ile ya kuzungusha skopu kama mlango, na kampuni ya Blaser wanafunga maunti yao moja kwa moja kwenye mtutu bila reli. Hizo ukimpata fundi anayejua zinarudi vizuri sana. Usipompata, achana nazo.

Kabla hujaiamini ijaribu mwenyewe, maneno ya kwenye boksi hayatoshi. Piga risasi 15 kwenye karatasi moja bila kugusa skopu, ukiacha mtutu upoe katikati. Kisha karatasi ya pili, piga 3, toa risasi zote kwenye bunduki, fungua bolti uhakikishe chemba iko tupu, toa skopu, futa, rudisha, piga 3 tena, mpaka zifike 15. Linganisha karatasi mbili. Watu wengi wanalinganisha 15 za kutoa na kurudisha dhidi ya 3 za kawaida halafu wanailaumu maunti, wakati risasi 15 karibu siku zote zitatawanyika kuliko 3.

Na kama bunduki yako haina saiti za chuma, zile za kulengea bila lenzi, huna skopu ya pili, na husafiri nayo kwenye kasha fupi, sioni unaihitaji ya nini. Faida yake kubwa ni pale skopu imejaa maji au imepasuka, au mnyama aliyejeruhiwa kaingia kichakani na unamfuata kwa hatua kumi. Hapo unaitoa unabaki na saiti za chuma, ambazo nazo ulishazipigia ziro mapema, skopu ikiwa pembeni.