Yai Viza

Siku ya Simba na Yanga, uani kwetu Buguruni hakuna anayeshika kazi. Wapangaji walikuwa wameizunguka redio ya shemeji yangu, mimi niko ndani na waya wa risasi nachomelea, na nje pembeni betri ya N70 ya mteja inakula chaji taratibu kutoka kwenye chaja niliyoiunda mwenyewe.

Naisifia kidogo, mnivumilie. Chaja nyingi za mtaani hujipima zenyewe hapohapo umeme unapotokea. Sasa waya ukiwa mrefu, volti zinaliwa njiani: chaja inajiona iko 14.4, kumbe betri inapata 13.8, inachelewa mno kujaa. Yangu ina nyaya mbili nene za kupeleka umeme na mbili nyembamba ambazo kazi yake ni umbea tu. Zinakaa kwenye vichwa vya betri, zinarudisha habari. Rizista mbili zinaigawa volti hiyo, TL431, kidude kidogo cha kupimia volti, inailinganisha na volti 2.5 yake, ikiona imefika inabana umeme.

Basi redio ikaanza kukwaruza. Shemeji akatafuta waya wa kurefushia antena, akauona ule mwekundu mwembamba.

"Huu nimeugusa hata haunipigi," alijitetea baadaye. "Nikajua haufanyi kazi." Akaukata na kisu.

Mmbeya akinyamaza, chaja inapokea sifuri. Na ikisikia sifuri, inajua betri imekauka kabisa. Ikaisukumia kila ilichokuwa nacho.

Nikamsikia mama mwenye nyumba anafoka: "Nani kaleta yai viza hapa?" Maskini, ndiyo dakika hiyohiyo muuza mayai ya kuchemsha anaingia, ndoo mkononi, hedifoni sikio moja. Hakuulizwa hata jina. Ndoo ikanyakuliwa, mayai yakaanza kumenywa na kunuswa. La kwanza zima, la pili zima, harufu inazidi. "Litakuwa chini kabisa!" Wakamenya hadi la mwisho.

Nikatoka mbio, maana harufu ile naijua. Mita inasoma 16.3, betri imevimba ubavu, asidi inatokota, na jiko la mkaa la mama mwenye nyumba liko palepale linangoja maharage. Hewa inayotoka mle ina haidrojeni, ikikutana na moto inalipuka.

"Mama, ondoa jiko!"

Swichi ya ukutani nikaizima kwanza. Klipu haichomolewi umeme ukiwa unapita, itatoa cheche. Ndipo nikaufuata waya wangu kwa macho: umepanda kamba ya nguo, umepita juu ya kanga za watu, umeishia kwenye antena. Nikaung'oa kwa hasira.

Redio ikakata. Ilikuwa penalti.

Uwanja mzima ukanigeukia, yai viza limesahaulika. Kisha mtu akakumbuka hedifoni. Kijana wa mayai alikuwa amesimama mlangoni, anatabasamu peke yake.

"Mdogo wangu," shemeji akambembeleza kwa upole ambao dada yangu hajawahi kuupata, "imeingia?"

Kijana akalitazama lile lundo la maganda.

"Lipeni mayai kwanza."