Kumi kwa kumi, asilimia moja unusu

Mheshimiwa, tusalimiane kwanza, halafu tupige hesabu. Mshahara wa shilingi 20,000 hapa Kenya ukimfikia mwenyewe, wenzake wameshaukwangua. NSSF wa pensheni wamechukua chao, SHIF wa bima ya afya wamekata asilimia 2.75, na ushuru wa nyumba umebeba asilimia 1.5, yaani shilingi 300. Mwajiri naye anatoa 300. Jumla 600 kila mwezi, za kujenga nyumba. Na huyo mkatwaji analala wapi? Kwenye chumba cha mabati cha kumi kwa kumi, futi hizo, ambamo kitanda, jiko na watoto wanapeana zamu ya kukaa. Mahakama Kuu iliukataa ushuru huo Novemba 2023. Machi 2024 ukarudi na sheria mpya, kama shemeji aliyesahau kofia, na safari hii ukawataja hadi watu wa jua kali wasio na peislipu.

Haya, nyumba zipo. Mwenye simu ya kabambe, ile ya vitufe tu, anabonyeza *832#, anaweka namba ya kitambulisho na PIN ya KRA, wale wa kukusanya ushuru, anajisajili Boma Yangu, daftari la serikali la wanaotaka nyumba hizo, anaanza kuweka akiba. Mpaka hapo hakuna jasho. Pale Mukuru, mtaa wa mabanda Nairobi, chumba cha mita 20 za mraba kina bei ya 640,000, na malipo yaliyotangazwa ni 3,900 kwa mwezi. Hizo 3,900 mtu wa mabati anazielewa: ukijumlisha kodi ya chumba, mitungi ya maji, stima ya kuunganishiwa na pesa za choo, anakaribia hapohapo. Kilichomkwamisha ni amana ya asilimia 10 iliyotakiwa mwanzoni. Shilingi 64,000, Mheshimiwa! Kibarua wa mjengo akipata 64,000 kwa mpigo, majirani watauliza nani amekufa akamwachia shamba.

Halafu pesa za mjengo huingia kwa siku, na mvua ikinyesha wiki nzima haziingii kabisa. Keateka, yule msimamizi wa ploti anayekusanya kodi, ni mkali, lakini ana masikio. Utamwambia, "Mzee, nusu tarehe 5, nusu tarehe 15," atakutukana kidogo, atapokea. Kompyuta ya serikali haijui kutukana wala kupokea nusu. Ndiyo maana zile nyumba 822 za Soweto Mashariki, Kibera, zilipokabidhiwa 2016, baadhi ya waliozipokea waliingiza wapangaji vyumbani, na wengine wakapangisha nyumba nzima wakarudi mabatini. Mnawaita wajanja. Mtu mwenye deni la kila mwezi na kazi ya leo-ipo-kesho-haipo angefanya nini?

Sasa amezuka mtaalamu mwingine mwenye tai. Anasema acheni kujenga, wapeni maskini ruzuku ya kodi ya nyumba wachague wenyewe pa kukaa. Tamu sana. Tuseme kila mpangaji anatumiwa 2,000 kwa simu. Taarifa itasomwa redioni saa moja jioni, na saa mbili keateka atakuwa mlangoni na karatasi ya kodi mpya. Vyumba ni vilevile, foleni ya wanaovitaka ni ileile, kilichoongezeka ni pesa tu. Ruzuku itapita mfukoni mwa mpangaji bila hata kupumzika.

Utasema sheria ya kudhibiti kodi ipo. Ndiyo, Sura ya 296. Inamlinda mpangaji wa nyumba ambayo kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi, na kipimo chake kinaanzia kodi iliyolipwa tarehe 1 Januari 1981. Leo hata chumba cha mabati cha 3,000 kimeipita sheria hiyo kwa utajiri. Anayelala humo, kisheria, ni bwanyenye.

Tena ruzuku itahitaji risiti. Risiti! Mwenye ploti ya vyumba kumi na viwili vya 3,000 anakusanya 432,000 kwa mwaka. Akiandika risiti, KRA wanadai asilimia 7.5 ya pesa zote bila kuondoa gharama, yaani 32,400. Atachagua kati ya mambo mawili: kukunyima risiti ukose ruzuku, au kukuongezea kodi ulipe ushuru wake. Marekani wana vocha, na mpangaji huchangia takriban asilimia 30 ya mapato yake, lakini nyumba lazima ipite ukaguzi kwanza. Mlete huyo mkaguzi Mukuru. Aone choo kimoja cha ploti nzima na nyaya za stima zilizoanikwa pamoja na nguo. Ataufelisha mtaa mzima kabla ya chai ya saa nne, na mpangaji abaki na vocha ya kujipepea.

Mimi ningesema serikali ijenge, isiuze, ibaki mwenye nyumba. Lakini Kaloleni na Jericho, mitaa ya zamani ya baraza la jiji la Nairobi, zinanikoholea. Kodi iliachwa chini miaka na miaka, pesa za kuziba paa na kuzibua mabomba hazikupatikana, wapangaji wakarithisha nyumba za baraza la jiji kama mbuzi wa mahari, na uani pakaota vibanda vinavyopangishwa kwa bei ya soko. Basi kodi iwe ya kutosha matengenezo, na ruzuku ipewe asiyeweza kuifikisha, humohumo ndani ya nyumba za serikali, ambako keateka hawezi kupandisha kodi kwa kusikiliza redio. Na malipo yapokewe kwa wiki, wakati pesa ya mjengo bado ina joto.

Swali la mwisho kabla hujapandisha kioo cha gari. Huko orofani, lifti ikikwama na mama ana mtungi wa gesi wa kilo 13 na gunia la viazi, ada ya huduma inamlipa nani abebe? Maana mkokoteni haupandi ngazi.