Mahindi Yasipoota Tabora: Mbegu Feki au Joto?

Mvua za kwanza zikishapita Uyui na Nzega, halafu jua likarudi wiki nzima, ugomvi haukawii. Mkulima anarudi kwenye duka la pembejeo na mfuko mtupu mkononi: mahindi hayajaota, umeniuzia mbegu feki. Muuzaji anajibu kuwa mbegu ni nzima, ardhi ndiyo ilikuwa ya moto. Miaka mingi nilimwona muuzaji kama mtu anayetafuta pa kutokea. Siku hizi namsikiliza, ingawa kumwamini ni jambo jingine.

Wanaolijua suala hili bila kuingia darasani ni akina mama wanaopika pombe ya mtama. Mwenye kutengeneza kimea huloweka nafaka, akaifunika kwa gunia lililoloana kivulini mpaka iote, ndipo huianika juani. Hafanyi kinyume. Kule kivulini, kiini cha punje kikishakunywa maji hutoa homoni iitwayo jiberelini, nayo hufika kwenye aleuroni, yaani tabaka jembamba la chembe hai linalozunguka ghala la wanga. Humo zimo protini zinazozuia jeni zisifanye kazi. Jiberelini husababisha protini hizo zivunjwe, jeni za amilesi, kimeng'enya cha kuvunja wanga, zikawashwa, na amilesi ikaanza kukata wanga kuwa sukari. Ndiyo maana uji mzito ukitiwa kimea hulegea na kuingia utamu. Homoni ya pili, asidi ya abisisiki, hushika breki ili punje isiote kabla ya wakati wake. Mahindi yenye hitilafu katika jeni iitwayo VP1 hayaisikii breki hiyo: huota yangali kwenye gunzi.

Sasa joto. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani walieleza walichokiona kwenye aleuroni ya shayiri iliyokuwa ikitoa amilesi kwa wingi, walipoipandisha hadi nyuzi 40 za Selsiasi. Katika saa chache nakala za RNA zenye agizo la kutengeneza amilesi, ambazo kwa kawaida hudumu sana, ziliharibiwa, na utando wa ndani ya chembe ambako amilesi huundwa kabla ya kutolewa nje ukabomoka. Chembe zenyewe hazikufa. Ziligeukia kutengeneza protini za kujikinga na joto, na zilipopozwa ilibidi agizo la amilesi linakiliwe upya kutoka kwenye jeni ndipo kazi irudi. Hapo ndipo nilipoanza kumsikiliza muuzaji, kwa sababu mbegu inaweza kusimamisha kazi bila kufa na bila kuwa feki.

Lakini asishangilie mapema. Shayiri ni zao la nchi za baridi, na aleuroni ile ilikuwa imetenganishwa na kiini chake. Mahindi na mtama vimezoea jua kali zaidi. Isitoshe, kimzizi hutoboa ganda kabla wanga haujaanza kuvunjwa kwa wingi, kwa hiyo kuzimwa kwa amilesi peke yake hakuelezi punje ambayo haijatoboka kabisa. Kwa punje ya namna hiyo, breki ndiyo ya kushukiwa kwanza: shayiri ikiloa penye joto kali huwa na asidi nyingi ya abisisiki na jiberelini kidogo, ikabaki usingizini.

Kinachosahaulika katika ugomvi huu ni kwamba joto kavu na joto la majimaji ni vitu viwili. Mpunga uliotoka kuvunwa, ambao bado una usingizi, huamshwa maabara kwa kuwekwa mkavu kwenye nyuzi 50 kwa siku kadhaa, na baadaye huota vizuri. Kupanda kwenye vumbi mwezi Oktoba, basi, si kosa lenyewe. Hatari ni ile mvua ya kudanganya: punje inakunywa, jeni zinawashwa, halafu udongo mtupu, ambao uso wake mchana unaweza kupita nyuzi 40, unaikuta katikati ya kazi. Anayesubiri mvua ishike anakwepa hilo, ila anapoteza siku za unyevu katika mkoa ambao mvua huisha Aprili au Mei. Mimi ningefukia sentimita 5, ambako makali ya jua hupungua, na kuacha mabua yafunike ardhi, kama ng'ombe wa jirani watayabakiza.

Na duka je? Iko kanuni ya zamani ya wataalamu wa mbegu: kila joto la ghala likipanda kwa nyuzi 5, umri wa mbegu hupungua kwa nusu. Mbegu halali yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, ikikaa miezi chini ya bati lisilo na dari, inaweza kufika shambani ikiwa haina nguvu ya kuchomoza. Mkulima ataiita feki, na ingawa hakuna aliyepaka rangi mahindi ya chakula ili yafanane na mbegu, hasara yake ni ile ile. Kwa hili simsamehi muuzaji: jua analolitaja la shambani liko pia juu ya rafu yake.

Kuwaamua si kazi ngumu. Chukua punje 100 za mfuko ule ule, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu kivulini, uhesabu baada ya siku 7. Zikiota karibu zote, kesi ni ya udongo na jua. Zisipoota, rudi dukani. Tatizo ni kwamba mkulima wetu alikwenda dukani na mfuko mtupu.