Heshima ya dokta inaanzia kwenye fakitire

Wakongomani wa Brussels tuna wimbo mmoja: dokta wa huku anabisha mlango, anataja jina lake, anavuta kiti na kukaa kabla ya kuuliza unaumwa wapi. Kisha mtu anamalizia: "Wazungu wako na utu, ma-dokta wetu wako wakali." Hapo ndipo ninapochemka.

Utu gani? Ubelgiji kuna sheria ya 2010: dokta aliyeajiriwa au aliye mafunzoni asizidi saa 48 kwa wiki, zikipigiwa wastani wa wiki 13. Akitaka kuongeza, anasaini mwenyewe saa 12 nyingine, basi. Akipiga gardi, yaani zamu, ya saa 12 hadi 24, apumzike saa 12 mfululizo. Na fakitire, yaani bili, haimgusi mgonjwa hapo kitandani. Inakuja kwa posta siku nyingi baadaye, mutueli, yaani bima ya afya, imeshabeba sehemu yake. Mtu aliyelala usingizi wake, asiyekudai kitu, afoke kwa nini?

Mchukue dokta huyo huyo, mlete Bukavu, kwetu Kongo. Mshahara wa serikali umechelewa, au jina lake halimo hata kwenye listi. Kinachomlisha ni primu, yaani marupurupu, nayo inakatwa kwenye pesa za wagonjwa. Kwa hiyo mgonjwa akitoroka bila kulipa, ametoroka na bugali ya dokta, ya nesi na ya mfagiaji. Ndiyo maana swali la kwanza ni "Mumelipa kosio?", yaani pesa ya kutanguliza. Ndiyo maana mlinzi wa getini anadai jetoni, yaani kibali, ya kutoka, hata kwa mama aliyebeba kichanga. Alasiri dokta anakimbilia kliniki ya pili, usiku gardi, asubuhi wodi nzima inamngoja. Serumu na glavu, ndugu ndio wamezifuata famasi. Wakichelewa, wanafokewa wao.

Najua mtasema: "Huyu amekula frites, amesahau sombe." Wapi! Dokta wa kwetu, SNEL ikikata umeme katikati ya upasuaji, anamalizia kwa tochi ya simu. Huyo namvulia kofia. Mwingine atasema natetea wakali. Anayempiga kofi mama mwenye uchungu hana udhuru, hata awe hajalala siku tatu. Lakini mara ngapi mkali mmoja amehamishwa, akaja mpole, na baada ya miezi michache mpole naye anafoka? Primu ikiendelea kutoka mfukoni mwa mgonjwa, mleteni hata huyo wa Brussels na kiti chake. Gardi ya tatu haijaisha, atakuwa amesimama mlangoni anauliza kosio.